Kitanda Kilichoinuliwa Kichwani

Harufu ya vanishi mbichi hunipokea kila asubuhi kabla sijafungua hata kufuli la duka. Fundi wangu hupaka huko uani, na mninga uliorandwa jana una harufu yake, tamu kidogo na kali kidogo. Ikichanganyika na harufu ya magodoro mapya ambayo bado yamefungwa nailoni, hiyo ndiyo riziki yangu. Nauza vitanda hapa Kahama, kando ya barabara iendayo Buzwagi na Kagongwa, na sifichi kwamba naipenda kazi hii. Wateja huja na maswali nami huwajibu bila kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Chumba cha watoto, nawaambia, usiweke dabo deka kama bati liko chini na hakuna dari, mtoto wa juu ataiva kama kiazi. Shuka ziwe za rangi inayovumilia matope, na chandarua kiwe cha pembe nne, kinachoacha nafasi ya mtoto kujigeuza. Kwa wakubwa huwa nasema sita kwa sita ndani ya chumba kidogo ni ubishi tu, utavaa suruali umesimama juu ya godoro. Mito miwili inatosha kulalia, mingine yote ni ya kuwaonyesha mashemeji. Wanacheka, wananunua, wanaondoka wakisema mama huyu anajua vitanda. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nilivijua vitanda msimu mmoja wa mavuno ya pamba, nikiwa na miaka kama kumi, na namna nilivyovijua simtakii hata adui yangu.

Tulikaa nje kidogo ya Kagongwa, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu. Baba alikuwa machimboni Geita. Alikuwa mtu wa karasha, ile mashine inayosaga mawe ya dhahabu mpaka yawe laini kama unga wa sembe. Baba za wenzetu wakirudi kutoka machimboni walileta redio au baiskeli, au hadithi ndefu za duara, shimo la machimbo, lililokaribia kutema dhahabu. Wa kwetu alileta vitanda. Nadhani ni kwa sababu huko alikolala kulikuwa na magunia chini na turubai juu, basi akawa anaota mbao na chaga. Kwanza alileta cha kwao, yeye na mama, tano kwa sita cha mninga, ubao wa kichwani umechongwa maua. Mwaka uliofuata alitushushia dabo deka kutoka kwenye lori, mimi na kaka yangu Masanja tukaachana na ngozi ya ng'ombe tuliyokuwa tukilalia tangu tuzaliwe. Masanja alichukua juu kwa haki ya mkubwa. Mimi nilipewa chini, nikalia siku nzima, kisha nikagundua kwamba ukining'iniza kanga kutoka kitanda cha juu unapata nyumba yako mwenyewe, na tangu hapo sikuutaka tena huo ubwana wa juu.

Kitanda cha wazazi kilikuwa na sheria zake. Mama alikitandika mashuka meupe aliyoyadarizi kwa mkono, pembe zimekunjwa na kubanwa hadi unaweza kudondosha sarafu juu yake ikaruka. Foronya zilikuwa na maneno ya uzi mwekundu. Hatukuruhusiwa kukigusa. Bibi, mama yake baba, ambaye chumba chake kilitazamana na cha wazazi, ndiye aliyekuwa askari wa sheria hiyo. Alisema mtoto akikalia kitanda cha wazazi wake anawatafutia mkosi, na hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Nikitumwa kufagia chumba kile nilijikunyata ili hata bega lisiguse shuka. Hatukuona kuwa ni ukali. Kila nyumba tuliyoijua ilikuwa hivyo, na hadi leo watoto wangu hawakai kwenye kitanda changu, ingawa sababu siwaelezi.

Msimu ule baba alirudi kwa bodaboda akiwa na begi moja na hakuleta kitanda. Tulikuwa shambani, pamba imepasuka nyeupe pande zote, vumbi la kiangazi limejaa hewani. Nilimwona akishuka na kusimama akiwa ameshika kiti cha pikipiki, hatembei. Nikadhani anatungoja tumkimbilie. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa kama ya mtu mwingine, na kikohozi chake kilikuwa kikavu, hakitoi kitu. Alikuwa amekificha kwa muda mrefu, akimpigia mama simu asubuhi tu, wakati kifua kimetulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, bibi alisema siku ile ile, mbele yake, kisha akaenda jikoni na kujifungia.

Tulimpeleka hospitali ya Kolandoto. Walimhudumia vizuri, wakampa hewa ya mtungi, akapata nafuu kiasi cha kutania manesi. Lakini daktari alimweleza mama kwa upole, nami nikiwa nimesimama nimeshika upindo wa kanga yake, kwamba vumbi la mawe lilikuwa limeingia kwenye mapafu na kuyafanya magumu, na hakuna dawa inayolitoa. Akae mbali na vumbi, mbali na moshi, apumzike. Mama alisikiliza yote akitikisa kichwa. Kisha akauliza swali moja. "Sasa, daktari, atalalaje?" Maana hapo ndipo palipokuwa na tabu yote. Akikaa, baba alipumua kwa shida. Akijilaza tu, alizama. Macho yalimtoka, akashika ukingo wa kitanda, akainuka akihema kama mtu aliyetolewa kisimani. Tukamrudisha nyumbani, wiki zikapita hajalala usingizi unaostahili kuitwa usingizi. Baba hakuomba kupona, wala hakuzungumzia kurudi machimboni. Aliomba kulala tu, na sisi tukawa familia yenye kazi moja: kumtafutia baba mahali pa kulala.

Mfa maji haachi kutapatapa. Mama aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Kitanda kizima kikainama, na baba kila aliposinzia aliteleza polepole hadi miguu ikatokeza nje, akashtuka. Mama akamwekea mito yote ya nyumba, ikiwemo yetu, na gunia la nguo juu yake. Mito ikatawanyika. Akaona labda ni hewa, akakisukuma kitanda dirishani. Kwa kukielekeza hivyo miguu ya baba ikatazama mlango, kama ya maiti anayetolewa. Bibi aliingia, akaona. Alishika tendegu akaanza kuvuta, mwanamke wa umri ule, mgongo umepinda, kitanda cha mninga na mgonjwa juu yake.

"Mwanangu hatolewi humu miguu mbele nikiwa hai," alisema.

"Mama, ni hewa tu," mama alijibu. "Naomba apate hewa."

"Hewa iko pande zote."

Mama akasaidia kukirudisha. Kesho yake alikigeuza tena bibi alipokwenda kisimani, na jioni bibi akakirudisha tena. Sakafu ya saruji ilipata mikwaruzo ya matendegu inayokwenda na kurudi. Hawakugombana hata mara moja. Kila mmoja alimwelewa mwenzake, nadhani, na hilo ndilo lililonitisha. Watu wazima wanapogombana mtoto hujua kuna mmoja mwenye jibu.

Kisha likaja wazo la godoro. Lilikuwa la bibi, na sote tulilipokea kwa furaha, kwa sababu lilikuwa wazo la kwetu. Kwetu pamba ndiyo iliyoezeka bati na ndiyo iliyotuvisha. Bibi alisema godoro la sponji linamzamisha mgonjwa na kumpandisha joto. Mtu akiugua alale juu ya pamba ya shamba lake mwenyewe, ndivyo baba yake baba alivyolazwa na ndivyo mwanawe atakavyolazwa. Basi tukachagua ile nyeupe kabisa, ambayo kwa kawaida huwekwa juu ya furushi ili mnunuzi aipende, tukakaa chumbani kwa baba kuichambua kwa vidole, mbegu huku, pamba kule. Tulifanyia kazi hiyo chumbani kwa sababu yeye mwenyewe alitaka tuwe karibu. Alikaa kitandani ameegemea ukuta, bakuli la mbegu mapajani, akichambua nasi. Alimtania Masanja kwamba ana vidole vya mwizi wa mayai. Bibi aliimba. Mama alishona mfuko mweupe wa kitambaa cha marekani, tukaujaza na kuupigapiga kwa fimbo hadi ukasimama wima kama mkate. Halijapata kuonekana godoro zuri kama lile katika eneo letu. Mama alilitandika shuka lake la harusi, akarudi nyuma hatua chache akalitazama, na kwa mara ya kwanza tangu baba arudi nikamwona akitabasamu.

Baba alijilaza saa za mchana. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na kila alipojigeuza niliona nyuzinyuzi nyembamba za pamba zikipanda katika ule mwanga, zikielea, zikimshukia usoni. Hata wakati tunachambua zilikuwepo. Tulikuwa tumekaa naye tukizipuliza hewani, mikono yetu, nguo zetu, nywele zetu zimejaa, na hakuna aliyefikiria, kwa sababu sisi tumekulia ndani ya nyuzi hizo na kwetu pamba si vumbi. Alianza kukohoa na hakuweza kuacha. Midomo ikageuka rangi. Mama alimwinua kwa nguvu ambazo sikujua kuwa anazo, akampa Masanja amshike, akalivuta godoro lile kutoka kitandani na kulitupa uani. Mfuko ukapasuka, mbuzi wakaja. Bibi alikuwa amekaa kizingitini na konzi ya pamba mkononi, hajui aiweke wapi. Alisema kwa sauti ndogo, "Nimemuua mwanangu," akalisema tena kwa Kisukuma.

Ndani, baba alikuwa anaanguka. Masanja, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu hivi na mwembamba kama ufito, hakuweza kumshika kwa mikono. Basi akafanya jambo ambalo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kulifanya. Alipanda kitandani kwa wazazi, akakaa nyuma ya baba, mgongo kwa mgongo, akakaza miguu ukutani. Baba akamwegemea. Kichwa chake kikatulia kwenye bega la Masanja. Bibi alisimama mlangoni akaliona hilo.

"Masanja, shuka. Hicho ni kitanda cha baba yako."

"Nikishuka ataanguka, bibi."

Baba hakufumbua macho. "Mwache, mama," alisema. "Hapa napata hewa." Akavuta pumzi moja, na nyingine, na tukasikia kitu ambacho tulikuwa tumekisahau, baba akikoroma. Bibi alibaki pale mlangoni. Kisha akafungua kanga yake ya juu, akaja taratibu na kuwafunika wote wawili kwa pamoja, akisema, "Kaa hivyo hivyo, ng'wanawane, mwanangu. Usitikisike."

Tangu siku hiyo tukawa kichwa cha kitanda, mimi na Masanja, kwa zamu. Mgongo wangu ulikuwa mfupi, baba aliteleza, ikabidi niwekewe mto ili nimfikie. Nilikaa nikihesabu misumari ya kwenye bati, miguu inakufa ganzi, mkojo unanibana, sithubutu kukohoa. Nilizisikia mbavu zake moja moja kwenye uti wa mgongo wangu. Kila alipovuta pumzi kulikuwa na mlio kama mlango wenye bawaba kavu, na mimi nilivuta yangu pamoja naye, nikidhani nitamsaidia. Niliogopa. Nilijivuna pia, maana nilikuwa nimekalia kitanda ambacho wenzangu wasingethubutu kukikalia. Na nilikuwa na hasira, lakini sikumjua wa kumkasirikia. Huwezi kulikasirikia jiwe.

Masanja alianza kupinda bega moja, na shuleni wakawa wanamwamsha darasani. Mama ndiye aliyesema haiwezekani kujenga afya ya mtu juu ya mifupa ya watoto. Akamwita Fundi Jumanne, seremala mwenye kibanda pale Kagongwa, mtu wa Kigoma aliyehamia kwetu akifuata biashara. Fundi alisalimia, akamtazama baba aliyekuwa amesinzia juu ya mgongo wa Masanja, akavua kofia.

"Mama Masanja, mimi natengeneza vitanda vya kulala," alisema. "Cha kulala umekaa sijawahi."

"Basi kiwe cha kwanza."

"Na mbao?"

Mama akamwonyesha dabo deka yetu. Hakutuuliza. Fundi aliifumua pale pale uani, akatenga vibao vya juu na vya chini. Kisha akarudi chumbani na kamba yake. Hakumpima baba. Alimpima Masanja, kutoka kiunoni hadi pale shingo ya baba ilipokuwa imelala, na akaweka ubao pembeni yao kuona wameinama kiasi gani. Ndivyo kilivyopatikana kipimo. Alikitengeneza siku iliyofuata: kitanda chembamba, nusu ya juu imeinuka kama mgongo wa mtoto aliyekaa, na kibao cha kukanyagia miguuni ili mgonjwa asiteleze. Mama alikivisha alivyojua. Shuka alilikaza kwa mikanda kwa chini ili lisijikunje, akaviringisha kitenge na kukiweka chini ya magoti, akashona vimito virefu viwili vya ubavuni kutokana na vipande vya sponji. Akakiweka dirishani kwa upande, hewa inaingia, miguu haitazami mlango. Bibi alikizunguka, akakagua, akakubali. Baba aliegemea. Kisha akamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, fundi," akalala mpaka jua likazama. Mama alitoka akaenda kusimama nyuma ya furushi la pamba, akalia kwa furaha akidhani simwoni.

Mimi nikaamini amepona. Mtoto akiona mtu amelala vizuri hudhani mambo yamekwisha. Baba alilala kwa siku kadhaa, akala, akauliza habari za ng'ombe, akamwambia Masanja asome. Kisha asubuhi moja mama alipompelekea uji alimkuta amekwisha, amelala vile vile alivyoegemea, mikono juu ya vimito. Pamba yetu ilikuwa bado haijapelekwa mizani. Naandika haya nikiwa mtu mzima mwenye watoto na bado sijui kama nishukuru kwamba alilala kabla hajafa, au nilaani kwamba kilichowezekana kumpatia katika dunia yote hii kilikuwa kitanda.

Wakati wa matanga vitanda vyote vilitolewa nje, watu wakalala chini kama ilivyo desturi. Vingine vilirudishwa ndani, kile hakikurudi. Mama hakuweza kukitazama, wala hakuweza kukipasua kuni. Kikakaa chini ya ukuta, kuku wakapanda, mpaka alipokuja mwanamke wa kijiji cha pili kukiazima. Mumewe alikuwa amerudi kutoka machimboni na hawezi kujilaza. Tukampa. Baada ya muda tukasikia kimekwenda nyumba nyingine, na kutoka hapo nyingine tena, kikibebwa kwa mkokoteni na kwa baiskeli, kila mara kwa mtu wa karasha. Hakuna mgonjwa aliyekirudisha kwa miguu yake. Fundi Jumanne aliombwa kutengeneza vingine viwili vitatu, kisha akafunga kibanda akarudi kwao. Alimwambia mama kwamba amechoka kutengeneza kitu ambacho kikikamilika mtu anakufa.

Leo nina nyumba yenye dari. Chumba cha watoto wangu kina vitanda viwili vya nne kwa sita, kila mmoja na chake, shuka zenye picha za magari na vipepeo, na wanagombania nani alale karibu na swichi. Changu mimi na mume wangu kina ubao wa kichwani wa sofa wenye vifungo, wa kifahari na usio na maana. Wachimbaji wanaopata huja dukani na kununua kikubwa kuliko vyote, hata kama hawana pa kukiweka, nami nawafungia kwenye gari kwa heshima zote. Najua sasa ugonjwa ule una jina. Najua kuna barakoa, na kwamba jiwe likilowanishwa halitoi vumbi jingi. Haya yanasemwa redioni, na wanaosaga mawe wanayasikia redioni huku wakisaga, nyuso zimefunikwa fulana. Mmoja wao ni Masanja. Nilimkanya, nilimlilia, nikampa mtaji wa duka la nguo, akalifunga akaenda Geita. Ardhi haichoki kutoa, alisema, sisi ndio tunaochoka kuchimba.

Juzi alinipigia simu mchana, nikiwa namwandikia mteja risiti. Nilimwamkia shikamoo kaka, akaitikia marahaba, akauliza watoto, akauliza duka. Kisha akasema anataka kitanda. Nilifurahi, kaka yangu hajawahi kununua kwangu. Nikamwambia nina sita kwa sita cha mninga, wifi atakipenda, na bei tutaelewana kindugu. Nikaisikia pumzi yake kwenye simu, na kabla hajasema kitu nikakaa chini, kwenye godoro la mteja.

"Upana wowote," alisema. "Ila kiinuke kichwani."

Nilimwita jina lake. Nilimwuliza tangu lini, akasema tangu masika. Nikamwambia aje Kahama leo hii, nitampeleka hospitali, nitafunga duka. Akasema atakuja, lakini kwanza nimtumie kitanda. Mteja alikuwa amesimama ananitazama na risiti yake nusu. Basi nikamwuliza kile ninachomwuliza kila mtu. Nikamwuliza kama kipimo ni kile kile cha zamani.

"Punguza kidogo," alisema Masanja. "Mwanangu ni mfupi kuliko nilivyokuwa mimi, na mgongo wake ndio nimeuzoea."